Shajara ya mradi: sukari ikitulia, chembe za LDL hubadilika lini?

11 Januari

Nimefungua faili jipya leo. Swali ni moja tu: mgonjwa wa kisukari akiishusha sukari yake na ikatulia, zile chembe za LDL (vifurushi vinavyobeba kolesteroli kwenye damu) ambazo sukari imeshazigandia huchukua muda gani kupungua, na hupungua kwa kiasi gani? Sina sampuli wala sizihitaji. Nataka kujenga hesabu ndogo ndani ya Excel, niilishe namba zinazojulikana kuhusu umri wa protini za damu, kisha niibane nione inasema nini.

Swali limetokana na karatasi za majibu zinazopita mikononi mwangu kila siku. Mtu amehangaika miezi kadhaa, HbA1c (himoglobini iliyogandwa na sukari, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi) imeshuka kutoka 9 hadi 7, halafu LDL inasoma palepale. Anauliza, na ana haki ya kuuliza: "Sasa mbona kolesteroli imegoma?" Jibu letu la haraka huwa kwamba sukari ni jambo moja na kolesteroli ni jingine. Jibu hilo linamnyima nusu ya habari. Kipimo cha LDL huhesabu kiasi cha kolesteroli iliyobebwa. Hakigusi hali ya chembe iliyoibeba. Watu wawili wanaweza wote kusoma 3.0 mmol/L, na chembe za mmoja zikawa zimeharibiwa na sukari kuliko za mwenzake.

14 Januari

Naandika kemia yake hapa ili nisiwe nairudia kila mara.

Glukosi iliyomo kwenye damu hugongana na protini muda wote. Ikikuta kikundi cha amino kilicho wazi, hasa cha asidi amino iitwayo lisini, hujishikiza yenyewe bila msaada wa kimeng'enya chochote. Hatua ya kwanza hurudi nyuma kirahisi: sukari ikipungua, inabanduka. Baadaye muungano huo hujipanga upya na kukaza, na hapo kubanduka huwa nadra. Kwenye protini zinazodumu wiki na miezi, mambo huendelea hadi kuwa mabaki ya kudumu, yale yanayofupishwa AGE. Mfaransa Louis-Camille Maillard aliieleza athari ya sukari na asidi amino mwaka 1912. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Samuel Rahbar aliona himoglobini isiyo ya kawaida kwenye damu ya wagonjwa wa kisukari, na huko ndiko ilikotoka HbA1c tunayoitegemea sasa.

Tunasahau kwamba sukari haina ubaguzi. Himoglobini tuliichagua sisi kwa kuwa ni nyingi, inapatikana kwa kuchoma sindano mara moja, na inaishi muda mrefu kiasi cha kutunza kumbukumbu. Albumini, protini nyingine ya damu, nayo hugandwa. Apo A-I, protini ya HDL (chembe zinazorudisha kolesteroli kwenye ini), hugandwa. Na apoB, protini inayoishika chembe ya LDL isisambaratike, hugandwa vilevile.

ApoB ndiyo kiini cha mradi wote. Kila chembe ya LDL ina molekuli moja tu ya apoB-100, mlolongo wa asidi amino 4,536, na lisini zilizomo ni zaidi ya 300. Baadhi ya lisini hizo ziko mahali ambapo chembe hujishikiza kwenye kipokezi cha LDL, hasa kwenye ini. Kipokezi hicho ndicho kilichowapa Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Mshiko wenyewe ni wa chaji: upande wa apoB una chaji chanya za lisini na arginini, upande wa kipokezi una chaji hasi. Sukari ikikalia lisini, chaji inafifia na mshiko unalegea.

Inahitaji sukari kiasi gani ili mshiko ulegee? Kidogo kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1984 Urs Steinbrecher na Joseph Witztum walionyesha kuwa lisini 2% hadi 5% tu zikigandwa, kasi ya mwili kuiondoa LDL hiyo hupungua kwa 5% hadi 25%. Na hicho ni kiwango kinachokutwa kwa wagonjwa wa kawaida wa kisukari, siyo kitu cha kutengenezwa kwenye chupa.

Chembe isiyoondolewa kwa wakati hukaa kwenye mzunguko, na kukaa huko kunaipa sukari nafasi nyingine ya kuigandia. Huku ikioza kwa oksijeni kwa urahisi zaidi. Makrofaji, seli za kinga zilizo kwenye ukuta wa ateri, huimeza kupitia njia nyingine isiyo na breki, zikashiba mafuta mpaka zinageuka seli za povu. Mengine yanajulikana: ateri huanza kuziba.

19 Januari

Leo nimeingiza namba. Kanuni yenyewe haina makuu: kiasi cha protini iliyogandwa hutegemea sukari iliyokuwepo na muda ambao protini hiyo imeishi ikiogelea ndani yake. Sukari ni ileile kwa protini zote za plazima. Kinachotofautiana ni umri.

Seli nyekundu, ambazo ndizo zinazobeba himoglobini, huishi takriban siku 120. Albumini, nusu yake huondoka baada ya siku 19 hivi. LDL nimeipa wastani wa siku 3. Yaani himoglobini imeajiriwa kwa mkataba wa miezi minne, LDL ni kibarua wa siku tatu. Ukibadilisha mazingira ya kazi leo, vibarua wote watakuwa wapya kabla mwenye mkataba hajajua kuna mabadiliko.

Kianzio: mtu mwenye wastani wa sukari 12 mmol/L, ambao kwa kanuni ya kawaida ya kubadilisha ni HbA1c ya 9.2%. Anashuka hadi wastani wa 8 mmol/L, yaani 6.7%. Kwa upande wa apoB nimeegemea 4% iliyogandwa pale sukari ikiwa 8, hivyo 6% pale ikiwa 12. Hizo asilimia ni za kuanzia hesabu. Uwiano na muda ndivyo ninavyovitafuta.

20 Januari

Matokeo ya kwanza, na yamenifurahisha.

Siku ya 7 baada ya sukari kushuka, LDL imeshamaliza 90% ya badiliko lake. Albumini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kile kipimo cha fruktosamini (sukari iliyogandia protini za plazima), imefika 23%. HbA1c iko 11% ya safari: kwenye karatasi ingesoma 8.9 badala ya 9.2, tofauti ambayo hakuna daktari angeishangilia.

Siku ya 30: LDL ilishamaliza zamani. Albumini 67%. HbA1c imefika 44%, inasoma 8.1. Siku ya 60 ni 75%, na siku ya 90 ni 94%. Hapa hesabu inakubaliana na tunachokijua kliniki, kwamba mwezi wa mwisho ndio unaobeba karibu nusu ya HbA1c, na kwamba kurudia kipimo kabla ya miezi mitatu ni kujisumbua. Nilikuwa nalisubiri hilo kwa hamu, maana jedwali lisingeonyesha hivyo ningelitupa.

Nimejaribu pia kuweka ule ulegevu wa mshiko: chembe zilizogandwa ziondoke kwa kasi pungufu kwa 20%. Kile kiwango cha 6% kinapanda hadi karibu 7.5%, na siku ya 7 badiliko linakuwa 85% badala ya 90%. Kwa hiyo ulegevu unaongeza mzigo wenyewe kuliko unavyochelewesha nafuu. Nimeuacha kama swichi ya kuwasha na kuzima kwenye jedwali.

27 Januari

Sista wa kliniki ya kisukari amekuja na karatasi mkononi.

"Kaka, huyu HbA1c yake ni 7.0. Lakini juzi alikuwa amelazwa, siku tano sukari inacheza 14, 15, na alikuwa anapewa steroidi. Sasa hii 7.0 niiamini?"

"Iamini, Sista, ila ujue inakujibu swali gani."

Nimekwenda kuiweka ile hali kwenye jedwali hapohapo. Wastani wa 8 mmol/L, kisha siku 5 za 14, kisha kipimo. HbA1c inapanda kutoka 6.7 hadi karibu 7.0, basi. LDL iliyogandwa inapanda kutoka 4% hadi 6.4%. Kwa siku hizo tano, karibu chembe sita na nusu kwa kila mia zilikuwa na sukari, badala ya nne, na karatasi haikusema kitu.

Kisha nikamgeuzia upande wa pili, maana ni muhimu vilevile. Mgonjwa anayekula hovyo miezi miwili na nusu kisha akajibana wiki moja kabla ya kliniki, LDL yake iliyogandwa itasoma vizuri kabisa. HbA1c haidanganyiki hivyo. Ndiyo maana sioni mantiki ya kuifanya LDL iliyogandwa kuwa kipimo cha kufuatilia udhibiti wa sukari, hata kama maabara zingeweza kuifanya kwa urahisi. Kipimo chake kipo: safu ya boroneti hunasa protini zenye sukari na kuziacha nyingine zipite, na vipo vipimo vya ELISA vyenye kingamwili maalumu. Ni vya utafiti zaidi. Faida ya kuijua LDL iliyogandwa iko katika kuelewa ateri inapokea nini, siku hadi siku.

Sista hakuridhika sana. Alitaka namba moja. Nami ningeitaka.

2 Februari

Swali dogo lililojitokeza: vipi mipando ya baada ya chakula? Nimeweka sukari inayopanda na kushuka kila siku kati ya 4 na 12, wastani ukiwa 8. LDL iliyogandwa inatikisika kidogo mno, chini ya 3% ya thamani yake. Siku tatu zinatosha kulainisha mawimbi ya saa chache. Kwa ugandaji huu wa glukosi moja kwa moja, wastani ndio unaotawala.

Ila glukosi siyo mchokozi pekee. Ndani ya seli, glukosi inapovunjwavunjwa hutoa mabaki, na mojawapo ni metiliglioksali, iliyo kali kuliko glukosi yenyewe kwa mbali na inayopendelea arginini kuliko lisini. Mwili una vimeng'enya vya kuisafisha, mfumo wa glioksalase, lakini kwenye kisukari uzalishaji hupanda. LDL iliyoshambuliwa na metiliglioksali huwa ndogo na nzito zaidi, na hunata kirahisi kwenye proteoglikani za ukuta wa ateri. Kundi la Naila Rabbani na Paul Thornalley ndilo lililolionyesha hili mwaka 2011. Inapendeza kwamba metformini, dawa ya kwanza ya wagonjwa wengi, ina muundo unaoweza kuikamata metiliglioksali. Jedwali langu halina nafasi ya hili. Lipo kama maelezo pembeni tu, kwa sababu lingehitaji hesabu ya ndani ya seli, na mimi nimejifungia kwenye plazima.

8 Februari

Chembe ndogo nzito. Hapa ndipo udhibiti wa sukari unapogusa LDL kwa njia ya pili, na wengi wanazichanganya njia hizi mbili.

Insulini ikipungua au ikikosa kusikilizwa, mafuta yaliyohifadhiwa huachiwa hovyo na kumiminikia ini. Ini linayafunga ndani ya VLDL, chembe kubwa zilizojaa mafuta, na kuzitoa kwa wingi. Trigliseridi, yaani mafuta hayo kwenye damu, zinapanda. Protini iitwayo CETP inabadilishana mizigo: inatoa trigliseridi kwenye VLDL inazipeleka LDL na HDL, na inachukua kolesteroli kurudisha. LDL iliyojaa trigliseridi ikipita mbele ya lipase ya ini, kimeng'enya kinachovunja mafuta, inanyonywa, inabaki ndogo na nzito. HDL nayo inanyonywa na kuondolewa mapema, ndiyo maana HDL ya mgonjwa wa aina ya pili mara nyingi iko chini.

Chembe ndogo ndizo zinazogandwa zaidi. Watafiti wa Manchester, kundi la Paul Durrington, waliliona hilo kwenye damu za watu, hata wasio na kisukari. Sababu moja ni umbo: apoB ikiuzunguka mpira mdogo hujikunja tofauti na kuanika lisini nyingine. Sababu nyingine ni umri, kwa kuwa kipokezi hakizitaki na hivyo hukaa muda mrefu. Nimejaribu umri peke yake: chembe kubwa siku 2.5, ndogo siku 5. Kwa sukari ileile, ndogo zinagandwa mara mbili ya kubwa. Na sukari ikishuka, siku ya 7 kubwa zimemaliza 94% ya badiliko, ndogo 75%.

Kwa hiyo udhibiti mzuri unafanya kazi mbili. Unapunguza sukari inayoganda, na kwa kushusha trigliseridi unapunguza chembe za aina inayogandwa kirahisi. Kazi ya kwanza huisha wiki moja au mbili. Ya pili inasubiri ini litulie, na uzito wa mtu una neno lake pale.

9 Februari

Nyongeza ya jana, kwa sababu imenikumbusha ile "kolesteroli imegoma".

Maabara nyingi haziipimi LDL moja kwa moja. Zinatumia kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972: kolesteroli yote, toa HDL, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2 ukitumia mmol/L. Trigliseridi zikizidi 4.5 kanuni haifai kabisa. Sasa tazama mgonjwa huyu niliyemtunga.

Kabla: kolesteroli yote 5.5, HDL 1.0, trigliseridi 3.3. LDL ya hesabu ni 3.0.

Baada ya sukari kutulia: kolesteroli yote 5.2, HDL 1.1, trigliseridi 1.76. LDL ya hesabu ni 3.3.

LDL "imepanda"! Mgonjwa amefanya kila alichoambiwa, na karatasi inamwadhibu. Kilichotokea ni kwamba makato ya trigliseridi yamepungua kutoka 1.5 hadi 0.8, na chembe za LDL zenyewe huenda zimenenepa, kila moja ikibeba kolesteroli zaidi bila idadi yake kuongezeka. Ukitoa HDL tu kwenye kolesteroli yote, unapata 4.5 kabla na 4.1 baada. Imeshuka. Hiyo ndiyo namba ya kumwonyesha, au apoB kama maabara inaipima, maana apoB moja ni chembe moja, haijali unene wake.

Nimeichapisha karatasi hii ya mfano na kuibandika juu ya meza. Nitaihitaji.

16 Februari

Hili la leo ndilo zito kuliko yote, nalo limetoka kwenye kuchezea seli moja ya jedwali.

Ateri haihesabu asilimia, inapokea jumla. Kwa hiyo nimeongeza safu: idadi ya chembe mara sehemu iliyogandwa. ApoB ya 1.2 g/L, iliyogandwa kwa 6%, ni miligramu 72 za apoB yenye sukari kwa kila lita. Sukari ikishushwa hadi wastani wa 8, sehemu inakuwa 4% na jumla inashuka hadi 48.

Kisha nikaiacha sukari palepale 12, nikampa mgonjwa statini. Statini huzuia ini kutengeneza kolesteroli, nalo likisikia njaa huongeza vipokezi na kuvuta LDL nyingi zaidi kutoka kwenye damu. Nimepandisha kasi ya uondoaji ili apoB ishuke hadi 0.8. Nilitegemea jumla ifike 48, yaani 0.8 mara 6%. Jedwali likatoa 32.

Ukifikiri, ni lazima iwe hivyo. Kipokezi kikizidi kuvuta, chembe hazipungui tu, zinaondoka zikiwa changa. Wastani wa umri umetoka siku 3 hadi siku 2, na chembe ya siku mbili haijapata muda wa kugandwa sana. Sehemu iliyogandwa imeshuka hadi 4% bila sukari kuguswa. Dawa ya kolesteroli imepiga mara mbili: kwenye idadi na kwenye umri. Ukiweka vyote, statini na sukari ya 8, jumla inafika 21.

72, 48, 32, 21. Nimezikagua kwa mkono.

Hii haimaanishi statini ichukue nafasi ya kudhibiti sukari. Macho, figo na neva havitetewi na statini, na vinaharibiwa na sukari kwa njia zao. Lakini kwa ateri kubwa za moyo, inaeleza kwa nini miongozo inasisitiza statini kwa mwenye kisukari hata pale LDL yake isipotisha. Na mantiki hii inafanya kazi kinyume pia: chochote kinachopunguza vipokezi kinaizeesha LDL. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri ni mfano. Mtu aliyerithi upungufu wa vipokezi vya LDL, kisha akapata kisukari, ana chembe nyingi na nzee kwa pamoja, na huyo sitaki hata kumwekea namba.

18 Februari

Kumbukumbu fupi: HbA1c inategemea umri wa seli nyekundu. Siko seli, kutokwa damu, kuongezewa damu, upungufu wa madini ya chuma, vyote vinaivuruga. LDL haijali hayo. Inavurugwa na mengine, kama nilivyoandika juzi. Mtu ambaye HbA1c yake haiaminiki, fruktosamini au vipimo vya kidole vya mara kwa mara ndivyo vya kutumia.

1 Machi

Nimekuwa nikilikwepa swali hili: kama LDL inajisafisha ndani ya wiki moja au mbili, mbona faida ya kudhibiti sukari kwenye moyo huchukua miaka kuonekana?

Kwa sababu jedwali langu linaishia kwenye damu. Chembe iliyokwishapenya ukuta wa ateri na kunasa humo haihesabiwi tena. Safu ya mwisho niliyoongeza ni ya kujumlisha: kila siku, miligramu za siku hiyo zinaongezwa juu ya za jana. Mstari huo haushuki kamwe. Udhibiti mzuri unaufanya upande polepole, basi. Mwaka mmoja wa 72 kwa siku ni mzigo wa mwaka mmoja na nusu wa 48.

Ukuta wenyewe nao umegandwa. Kolajeni ya ngozi hukaa miaka takriban 15 kabla ya nusu yake kubadilishwa, na sukari iliyoingia humo haiondoki kwa wiki moja ya nidhamu. Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza na kutoa majibu yake 1993, ulichukua vipande vya ngozi vya baadhi yao. Waliodhibitiwa kwa makini walikuwa na kolajeni iliyogandwa kidogo. HbA1c zao zilikuwa karibu 7, za wenzao karibu 9. Utafiti ulipokwisha makundi yote mawili yakakaribiana, karibu 8. Hata hivyo, mwaka 2005 ilipotolewa taarifa ya ufuatiliaji, kundi lililodhibitiwa vizuri zamani lilikuwa na matukio ya moyo na mishipa pungufu kwa 42%. HbA1c ilikuwa imeshasahau. Mstari wa kujumlisha haukusahau.

Sidai kwamba LDL iliyogandwa ndiyo inayoeleza 42% yote. Shinikizo la damu na figo vina sehemu yao, na figo zikifeli mabaki ya AGE hurundikana na kuishambulia LDL hata kama sukari imetulia.

4 Machi

Mwenzangu mmoja aliyeona zile namba amesema, "Basi tuishushe sukari mpaka 5, LDL isigandwe kabisa." Jedwali lingekubali, kwa sababu jedwali haliwezi kuzimia. Utafiti wa ACCORD ulijaribu kuwapeleka wagonjwa wa aina ya pili, waliokuwa tayari na hatari kubwa ya moyo, chini ya HbA1c ya 6.0. Walikuwa watu 10,251 kwa jumla, na mwaka 2008 upande wa udhibiti mkali ulisimamishwa kwa sababu vifo vilizidi. Nimeweka kizuizi kwenye jedwali: sukari ya chini ya wastani wa 7 mmol/L haikubaliki kuingizwa. Seli inageuka nyekundu.

10 Machi

HDL kwa ufupi, maana nilijiahidi nisiiache. Apo A-I ikigandwa, HDL inafanya kazi yake ya kubeba kolesteroli kurudi kwenye ini kwa uvivu, na paraoksonase, kimeng'enya kinachosafiri juu ya HDL na kuilinda LDL isioze kwa oksijeni, nacho hupungua nguvu kikigandwa. Kwa hiyo mlinzi na anayelindwa wanashambuliwa na sukari ileile. Kasi yake kwenye jedwali inafanana na ya LDL, nyuma kidogo, kwa kuwa Apo A-I huishi siku nne au tano. Kiasi cha HDL kwenye karatasi hakisemi lolote kuhusu haya.

15 Machi

Faili limekamilika kwa matumizi ya sasa. Unaingiza wastani wa sukari wa kabla na wa baada, apoB kama ipo, au kolesteroli isiyo ya HDL kama haipo, na unachagua statini ipo au haipo. Linakupa mistari mitatu kwa siku 120: HbA1c, albumini, LDL iliyogandwa. Chini yake kuna ule wa kujumlisha.

Sista amelichukua. Ameomba mambo mawili: mistari iwe minene ionekane ikichapwa kwa wino mweusi, na ule wa LDL uwe wa kwanza kwa juu. Anasema mgonjwa aliyeanza dawa wiki iliyopita hana haja ya kusubiri miezi mitatu ndipo asikie kwamba kuna kitu kimeshabadilika ndani yake. Nimebadilisha mpangilio. Wakati huohuo nimeomba maabara waongeze mstari wa kolesteroli isiyo ya HDL kwenye karatasi ya majibu, chini ya LDL. Ni kutoa tu, mashine inaweza kuifanya yenyewe. Wamekubali kuanzia toleo lijalo la fomu.